Kabati la ndani la kiyoyozi: filta ipi, usafi upi, na kazi ipi ya fundi

Kiyoyozi cha nyumba nzima kina sehemu mbili. Ya nje inajulikana kwa kelele yake. Ya ndani ni kabati la bati linalokaa darini, stoo au kwenye kijichumba chake, na mara nyingi hakuna anayelifungua mpaka dari lianze kuvuja. Ndani yake mna vitu vichache tu: filta, koili (mabomba yenye vibati vyembamba yanayopoza au kupasha hewa joto), feni na mota yake, trei ya maji, na mara nyingi hita za umeme za msimu wa baridi. Hewa ya nyumba inavutwa, inapita kwenye filta, inagusa koili, kisha inasukumwa kwenye mifereji na kurudi vyumbani ikiwa imepoa au imepata joto.

Mashine nyingi zinazokufa mapema huanza kuumia humu ndani, na chanzo huwa kimoja kati ya viwili: hewa imebanwa, au maji yamekosa pa kutokea. Kwa hiyo katika ulinganisho huu kila chaguo nalipima kwa maswali hayo mawili. Je, hewa itapita? Je, maji yatatoka? Maneno yaliyoandikwa kwenye boksi yaje baadaye.

Tuanze na kiasi cha hewa, maana bila hicho mtu hununua kwa kubahatisha. Mashine ya kupoza inahitaji takriban mita za ujazo 680 za hewa kwa saa kwa kila tani moja ya uwezo wake. Tani moja hapa si uzito, ni kiasi cha joto linaloondolewa: BTU 12,000 kwa saa, sawa na kilowati 3.5. Mashine ya tani tatu basi inavuta zaidi ya mita za ujazo 2,000 kila saa. Feni ya kabati la nyumbani kwa kawaida imeundwa kuhimili ukinzani wa paskali 125 hivi (paskali ni kipimo cha shinikizo), na humo vimo vyote: filta, urefu wa mifereji, kona zake na matundu ya vyumbani. Filta ikila paskali 75 peke yake, zilizobaki hazitoshi kufikisha hewa chumba cha mwisho.

Hewa ikipungua wakati wa kupoza, koili hushuka chini ya nyuzi 0, unyevu unagandia juu yake, na barafu inaziba hata kile kijinjia kilichobaki. Wakati wa kupasha joto kasoro hiyohiyo huja kwa sura nyingine. Mwenye pampu ya joto, yaani kiyoyozi kinachoweza pia kupasha nyumba joto, ataona mashine ikijizima kwa sababu shinikizo la gesi ya kupozea inayozunguka ndani ya mabomba limepanda kupita kiasi. Mwenye hita za umeme ataona hita zikikatwa na swichi ya usalama kila baada ya dakika chache, kwa kuwa joto halipati hewa ya kulibeba. Dalili ni tatu tofauti, na mara nyingi dawa ni moja: filta.

Filta: nyembamba, ya mikunjo, nene au ya kuosha

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hili ni chaguo unalolirudia mara nyingi kuliko lolote.

Filta nyembamba ya nyuzi za kioo ndiyo nyepesi kuliko zote. Ukiishika mbele ya taa unaona mwanga upande wa pili. Haizuii hewa, lakini haizuii vumbi la maana pia. Katika kipimo cha MERV, kilichowekwa na chama cha wahandisi cha Marekani kiitwacho ASHRAE, ambacho namba yake ikipanda filta inanasa zaidi, iko kati ya 1 na 4. Inanasa nywele, nyuzi za nguo na mabonge, huku vumbi laini likipita hadi kwenye koili iliyolowa na kugandia pale. Inafaa kwa kabati la zamani lenye mota dhaifu na mifereji myembamba, na kwa mtu anayeibadilisha kila mwezi bila kukosa. Kwa mwingine yeyote, unachookoa kwenye filta utakilipa kwenye usafi wa koili.

Filta ya mikunjo yenye unene wa sentimita 2.5 ndiyo inayokutana na watu wengi. Kwa kuwa kitambaa chake kimekunjwakunjwa, eneo la kunasa vumbi linakuwa kubwa kuliko fremu yenyewe. Katika kundi hili namba zinatofautiana sana, na tofauti hiyo ina maana. MERV 8 inanasa angalau asilimia 70 ya chembe za mikroni 3 hadi 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani chavua, vumbi la kawaida na mbegu nyingi za kuvu. MERV 11 inafikisha asilimia 85 kwenye chembe hizo, na asilimia 65 kwenye zile za mikroni 1 hadi 3. MERV 13 inaongeza kitu ambacho nyingine hazina: angalau nusu ya chembe za mikroni 0.3 hadi 1, ambamo mna moshi mwingi. Unaponunua mahali panapotumia kipimo cha ISO 16890 cha mwaka 2016, utaona maandishi ya ePM10, ePM2.5 na ePM1 badala ya MERV. Kadiri namba baada ya PM inavyokuwa ndogo, ndivyo filta inavyohesabiwa kwa chembe ndogo zaidi.

Mtu akisoma hayo atasema basi achukue 13 amalize. Lakini kitambaa kinachonasa vidogo ndicho kinachobana hewa, hasa kikiwa chembamba na fremu ikiwa ndogo. Filta ya MERV 13 ya sentimita 2.5 katika tundu dogo inaweza kula nusu ya uwezo wa feni hata kabla haijashika vumbi. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, ASHRAE ilipendekeza MERV 13 au kiwango cha juu kabisa ambacho mashine inaweza kukibeba. Hiyo sehemu ya pili ya pendekezo ndiyo ya kushika. Kabati lisiloweza kuibeba 13 halisafishi hewa zaidi. Linapitisha hewa kidogo, na hewa isiyopita kwenye filta haisafishwi.

Filta nene, ya sentimita 10 hadi 12.5, ndiyo ninayoipendekeza pale nafasi inapopatikana. Mikunjo yake ni mirefu, eneo la kitambaa ni kubwa mara kadhaa kuliko la nyembamba, na kwa hiyo MERV 11 au hata 13 inaweza kukaa humo kwa ukinzani wa karibu paskali 25 ikiwa mpya. Hudumu miezi 6 hadi 12, wakati ile ya sentimita 2.5 huomba kubadilishwa ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. Ubaya wake ni kwamba haiingii kwenye tundu la kawaida. Inahitaji fremu yake, na fundi akate bati kuiweka. Ni kazi ya mara moja, na sijaona mabadiliko mengine kwenye kabati yanayorudisha faida kubwa namna hiyo kwa usumbufu mdogo.

Kuna njia nyingine ya kufika hukohuko ambayo haitajwi sana: kuongeza tundu la pili la kurudisha hewa, lenye filta yake. Hewa ileile ikigawanyika kwenye filta mbili, mwendo wake kwenye kila moja unapungua nusu, na ukinzani unashuka kwa nusu au zaidi. Nyumba yenye tundu moja dogo linalopiga mluzi kila mashine inapowaka inahitaji hili kabla ya kuhitaji filta ya kisasa.

Filta ya kuosha inavutia kwa sababu inanunuliwa mara moja. Nyingi ziko chini katika kipimo cha MERV, sambamba na ile ya nyuzi za kioo, ingawa zinabana hewa zaidi zikizeeka. Sharti lake ni gumu: baada ya kuoshwa ikauke kabisa. Ikirudishwa na unyevu, vumbi linalofuata linageuka tope na kuvu linapata makao hatua chache kutoka kwenye hewa unayovuta. Anayeweza kuwa na mbili, moja ikikauka nyingine ikifanya kazi, atanufaika nayo. Anayejijua hana subira ya kukausha, achukue ya mikunjo. Zile za umeme, zenye nyaya za volti ya juu na sahani za chuma, hunasa vizuri zikiwa safi, lakini sahani zake zinataka kuoshwa mara kwa mara na baadhi hutoa ozoni. Siziweki mbele ya nyingine.

Na nyumba yenye mgonjwa wa pumu? Hapa chaguo bora kwa maoni yangu liko nje ya kabati. Kisafisha hewa cha chumbani chenye filta ya HEPA, inayonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, kikae pale mgonjwa anapolala, na kabati libaki na MERV 8 au 11 linayoweza kuibeba. HEPA yenyewe usijaribu kuilazimisha ndani ya kabati la kawaida la nyumbani. Feni yake haikuundwa kwa ukinzani huo.

Mambo mawili madogo yanaharibu hata filta nzuri. La kwanza ni kukaa kwake. Vuta filta iliyotumika, igeuze, uangalie kingo za fremu upande wa feni. Ukikuta michirizi ya vumbi jeusi pembeni wakati katikati pako safi, hewa imekuwa ikipenya kando ya filta bila kuchujwa. Kinachotakiwa hapo ni ukanda wa sponji kuzunguka tundu, na mlango unaofunga sawasawa, kabla ya filta nyingine yoyote. La pili ni mshale. Umechapwa kwenye fremu na unaelekea kule hewa inakokwenda, yaani upande wa feni. Filta iliyogeuzwa inaweza kulegea, ikapinda na kufyonzwa ndani.

Kubadilisha kwa kalenda au kwa kuangalia? Kalenda ni nzuri kwa mtu mwenye mambo mengi, lakini nyumba yenye wanyama wa kufuga, ujenzi jirani au barabara ya vumbi haiifuati kalenda hiyo. Angalia kila mwezi, badilisha inapohitaji. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye fremu, upande unaoonekana unapofungua mlango, na baada ya misimu miwili utajua muda halisi wa nyumba yako.

Mota yako inaficha tatizo kwa namna gani

Hili linastahili kujulikana kwa sababu linabadilisha dalili za kutazamia. Mota ya kawaida yenye kapasita, kile kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme ya kuisaidia, haijui kwamba filta imeziba. Hewa inapungua tu, vyumba vya mbali vinakuwa vuguvugu, na mwishowe barafu. Mota ya kielektroniki inayojirekebisha hufanya kinyume: ikihisi ukinzani inaongeza nguvu ili kutoa hewa ileile. Nyumba inaendelea kupoa vizuri, lakini mota inanguruma, inatumia umeme zaidi na inachoka. Mwenye mota ya aina hii asingojee joto limwambie. Asikilize sauti, na aiangalie filta kwa macho.

Siku mota ya zamani itakapokufa na uulizwe uweke ipi, ya kielektroniki inakula umeme kidogo zaidi na inaenda polepole bila kelele pale mzigo unapokuwa mdogo. Ila katika nyumba yenye mifereji iliyobanwa faida hiyo yote inamezwa, na ikiharibika inagharimu zaidi. Tengeneza njia ya hewa kwanza.

Maji: kufyonza, siki, klorini, vidonge

Koili ikiwa kazini huwa na baridi ya nyuzi chache juu ya 0, na hewa yenye unyevu ikiigusa inaacha maji. Siku ya mvuke mwingi kabati la nyumba nzima linaweza kutoa lita 20 au zaidi. Yote yanapita kwenye bomba jembamba lenye giza, ambamo vumbi na bakteria hujenga utando telezi. Utando ukijaa, maji yanapanda kwenye trei, na yakizidi ukingo yanatafuta dari.

Kufyonza ndiyo njia ninayoiweka juu ya zote. Zima mashine kwenye swichi kuu. Tafuta mwisho wa bomba nje ya nyumba, uweke mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi na maji, uzungushie kitambaa kilicholowa ili hewa isivuje, na uiache ifanye kazi dakika mbili au tatu. Kinachotoka huwa ni vipande vya utando wa rangi ya kahawia au kijivu, vizito na vya kuteleza, wakati mwingine pamoja na kiota cha mdudu aliyeziba mdomo wa bomba. Ukiona vipande hivyo ndani ya ndoo ya mashine, umetoa kizuizi chenyewe. Kupuliza kwa hewa ya shinikizo hufanya kazi pia, lakini kunaweza kufumua kiungo cha gundi ndani ya ukuta, mahali usipopaona, na kukuachia uvujaji wa siri. Kati ya kuvuta na kusukuma, vuta.

Siki nyeupe ni kwa ajili ya kuzuia, haizibui. Kikombe kimoja kwenye mdomo wa bomba uliomo ndani, subiri nusu saa, kisha suuza kwa maji. Rudia kila baada ya mwezi mmoja au miwili wakati wa kupoza. Iishie ndani ya bomba. Usiinyunyizie koili, kwa kuwa mvuke wa asidi yake ukikaa muda mrefu penye unyevu unaweza kuitoboa shaba kwa vitundu vidogo mno, na gesi ikavuja polepole bila mtu kujua ilikotokea.

Klorini ya kufulia inaua utando haraka kuliko siki, na hapo ndipo sifa zake zinapoishia. Inakula trei ya bati na koili, na harufu yake ikivutwa na feni inasambaa nyumba nzima. Akiitumia mtu, aizimue sana, azime mashine, na asuuze kwa maji mengi. Lililo kubwa zaidi: usiimimine kwenye bomba lililotiwa siki, wala siki kwenye lililotiwa klorini. Viwili hivyo vikikutana vinatoa gesi ya klorini, nayo ni sumu ya mapafu. Chagua kimoja na ubaki nacho.

Maji ya moto yanasaidia, mradi yasiwe yanachemka. Bomba la PVC hulainika joto likipita nyuzi 60 hivi. Vidonge vya kwenye trei vinapunguza utando kwa wiki kadhaa na vinafaa kwa kabati la darini ambako kupanda ni shida. Hakikisha tu vimeandikwa kwamba havidhuru chuma, na visikae mahali vinapoweza kubebwa na maji hadi kwenye mdomo wa bomba.

Baada ya njia yoyote, jaribu. Mimina lita moja ya maji polepole kwenye trei na mtu mwingine asimame nje. Maji yanatakiwa kutoka bila kusita. Yakisita, angalia mteremko: bomba linahitaji kushuka karibu sentimita moja kwa kila mita.

Kona ya bomba yenye umbo la U karibu na kabati haikuwekwa kwa urembo. Katika makabati ambayo feni inavuta hewa kupitia koili, trei iko upande wa kuvutwa, na bila maji kwenye kona ile hewa ya nje huingia kwa kupitia bombani na kuyazuia maji ya trei kutoka. Kona ikikauka msimu wa baridi, ijaze maji kabla ya kuanza kupoza. Ukiwa unaibadilisha, chukua yenye plastiki angavu na vifuniko vya kufungua. Utaona uchafu ukianza, na utausafisha kwa brashi bila kukata kitu.

Swichi ya kuelea ninaihesabu kuwa ya lazima kwa kabati lililo darini. Maji yakipanda inazima mashine. Inyanyue kwa kidole mara moja kila msimu, mashine ikiwa inafanya kazi. Isipozima, haikulindi.

Koili: ipi isafishwe hapo ilipo, ipi itolewe

Watu hudanganywa na upande wanaouona. Kabati likiwa limesimama na hewa inapanda kutoka chini, koili nyingi zimekaa kwa umbo la herufi A, na vumbi linakusanyika upande wa ndani, chini, hewa inapoingilia. Ukifungua mlango na kumulika kwa tochi unaona vibati vya alumini vinang'aa, unafunga ukiwa na amani. Pitisha simu chini ya koili ikiwa inarekodi video na taa yake imewashwa. Blanketi la kijivu, kama lipo, liko huko.

Vumbi kavu lililokaa juu juu linatolewa kwa brashi laini na mashine ya kufyonza, ukifuata mwelekeo wa vibati, kamwe si kwa kukata kati, kwa sababu vinapinda kwa kuguswa tu. Fanya hivi kabla ya dawa yoyote ya maji. Ukiloanisha vumbi kwanza unatengeneza tope na kulisukuma ndani zaidi.

Baada ya hapo, povu la kusafishia lisilohitaji kusuuzwa linatosha kwa uchafu wa wastani, kwa kuwa maji ya koili yenyewe yanalishusha kwenye trei. Dawa kali za alkali zinatoa povu la kuvutia na koili inatoka inameta, lakini sehemu ya povu hilo ni alumini inayoliwa. Kwa koili ya ndani sizipendekezi, hata zinapotumiwa na fundi. Muulize anatumia nini kabla hajafungua kopo.

Kuing'oa koili na kuiosha nje ndiko kunakosafisha kikweli pale uchafu umeingia hadi katikati. Pia ndiko kwenye hatari zaidi: gesi inabidi ikusanywe, mabomba yakatwe, yachomelewe upya, mfumo uvutwe hewa yote na gesi irudishwe kwa uzito wake. Kubali tu kama hewa imepimwa na kuonekana imepungua, filta mpya haijasaidia, na feni imeshasafishwa.

Na feni isisahaulike. Mabawa ya gurudumu lake yamepinda, na vumbi likijaza upindo huo gurudumu linazunguka bila kusukuma hewa ya kutosha. Pitisha kidole, umeme ukiwa umezimwa, kwenye bawa moja. Ukitoa utepe mnene wa vumbi, gurudumu linahitaji kutolewa na kuoshwa. Kwa viyoyozi vya ukutani visivyo na mifereji hapa ndipo uchafu mwingi ulipo, kwenye feni ndefu ya mviringo nyuma ya koili. Kuosha filta ya mbele pekee hakuifikii kabisa.

Feni ya kujizima au ya muda wote

Kwenye themostati, chagua ijizime pamoja na kupoza. Feni ikiendelea baada ya koili kuacha kupoza, maji yaliyobaki kwenye koili yanarudi hewani na nyumba inakuwa na unyevu uliokwisha kuulipia umeme kuutoa. Muda wote una maana msimu wa hewa kavu, au unapotaka filta nene ichuje moshi.

Taa za urujuanimno na usafi wa mifereji

Taa za UV-C zikielekezwa kwenye koili huzuia kuvu kuota juu yake. Haziondoi vumbi, nguvu ya balbu inapungua na huhitaji kubadilishwa karibu kila mwaka, zinachakaza plastiki zilizo karibu, na haifai kuzitazama. Zinafaa nyumba yenye unyevu mwingi ambako koili inarudia kuota kuvu. Mifereji isafishwe kukiwa na sababu inayoonekana: kuvu, panya, au mabaki ya ujenzi. Kuziba matundu yake kwa utepe wa foili au lami maalumu ya mifereji kunasaidia zaidi. Utepe wa kitambaa wenye gundi ya mpira hukauka na kubanduka kwa joto.

Wewe au fundi

Filta, bomba la maji, trei, swichi ya kuelea na vumbi la juu la koili ni vyako, baada ya kuzima umeme kwenye swichi kuu, isipokuwa lile jaribio la swichi ya kuelea. Kapasita ni ya fundi, maana hushika chaji hata umeme ukiwa umezimwa. Hita za umeme na nyaya zake pia. Gesi ni ya fundi bila mjadala.

Kuhusu gesi, shika jambo moja. Gesi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua pana tundu. Fundi anayeongeza kila mwaka bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ileile tena na tena huku kompresa ikiumia. Koili iliyoganda barafu nayo isikimbiliwe kuongezwa gesi. Zima kupoza, acha feni peke yake iyeyushe, jambo linaloweza kuchukua saa kadhaa, badilisha filta, kisha uwashe. Ikiganda tena ikiwa na filta safi, hapo mwite fundi na umweleze ulichofanya.

Mkataba wa matengenezo au kuita pale panapoharibika? Mkataba unafaa nyumba inayopasha joto na kupoza kwa kabati moja, kwa sababu mashine hiyo haipumziki msimu wowote, na unafaa kwa asiyeweza kupanda darini. Kwa mtu anayeshughulikia filta na maji mwenyewe, ziara moja kabla ya msimu wa kupoza, na nyingine kabla ya baridi kama ana pampu ya joto, inatosha bila mkataba.

Cha kulinganisha kati ya mafundi ni vipimo wanavyoacha. Ziara ya kweli inaacha karatasi yenye namba: ukinzani wa hewa kwa paskali, kabla na baada ya filta, joto la hewa inayoingia na inayotoka, ambalo wakati wa kupoza kwa kawaida hupishana kwa nyuzi 8 hadi 11, pungufu kidogo kukiwa na unyevu mwingi, ampea za mota na za kila hita, thamani ya kapasita ikilinganishwa na iliyoandikwa juu yake. Omba namba hizo wakati wa kupanga ziara, kabla fundi hajafika. Anayezikubali bila kusita ana vifaa vya kupimia. Karatasi hiyo ibandike ndani ya mlango wa kabati, ili fundi wa mwaka unaofuata aanze kwa kulinganisha namba zake na zilizopo.